Arobaini imepita, mwenzetu bado yuko eda: kikundi tumsaidieje?

Kikoba_Tanga

Salaam wanajamvi. Naandika kwa niaba ya wanawake wa kikoba chetu hapa Tanga mjini. Mwenzetu amefiwa na mumewe ghafla. Hitima ya arobaini imeshasomwa, jamaa wa mbali wamerudi kwao, na yeye yuko eda na wanawe wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike 6. Kwenye mazishi tulikuwepo, ubani tulitoa, na masufuria ya matanga tuliyashika sisi. Lakini tukimtazama sasa, amezidiwa kuliko wiki ya kwanza. Chakula hakimpiti, usiku hapati usingizi, anashinda na simu ya marehemu mkononi, na mara mbili ametuambia amemsikia marehemu akibisha hodi. Watu wameanza kunong'ona kuwa akili inayumba. Mtoto wa kike anauliza kila siku baba anarudi lini.

Tunaomba mambo yaliyo wazi ya kufanya. Apelekwe hospitali au aachwe apoe mwenyewe? Huduma zipo wapi? Na fedha za mfuko wa jamii wa kikundi zielekezwe wapi?

Muuguzi_AfyaYaAkili

Poleni sana, na pole zetu zimfikie mfiwa.

Kuzidiwa baada ya arobaini ni jambo tunaloliona sana. Siku za matanga nyumba imejaa: kuna wa kupika, wa kusoma, wa kulala naye kwenye mkeka. Wakiondoka ndipo anapokutana na kitanda, na viatu vya mume mlangoni, na ile saa aliyokuwa akirudi kazini. Kwa hiyo msaada wenu una maana kubwa zaidi sasa kuliko wiki ile ya kwanza.

Kwanza hiyo hodi. Kumsikia marehemu akiita, kusikia hatua zake, hata kunusa harufu ya nguo zake, huwapata wafiwa wengi na si wazimu. Muhimu ni mambo mawili: je, anajua kwamba mumewe amekufa? Na je, sauti hiyo inamwamuru afanye jambo? Kama anajua, na hakuna amri, msikilizeni tu. Mkimwambia ni jini au anarukwa na akili, ataacha kuwaeleza, na siku akiwa na neno zito mtakuwa wa mwisho kulijua.

Sasa mwili. Mtu mwenye msiba hasikii njaa wala kiu, kwa hiyo msisubiri aombe. Sahani iliyojaa wali humfunga koo. Mpeni kidogo kidogo kila baada ya saa 3 hivi: nusu kikombe cha uji, yai, ndizi, supu ya samaki. Maji yawe karibu yake muda wote. Kama anatumia dawa za presha au kisukari, fungueni boksi mhesabu vidonge vilivyobaki. Mara nyingi mtakuta dawa zilisimama siku ya msiba na hakuna aliyegundua. Mshtuko wa kufiwa hupandisha presha na kuuelemea moyo, kwa hiyo dawa zikikatika wakati huu hatari huwa maradufu.

Usingizi hautarudi kwa kulazimishwa. Aamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na akae uani au barazani apate mwanga wa asubuhi. Chai ya rangi na kahawa ziishie adhuhuri. Akikaa kitandani bila usingizi kama dakika 20, ainuke, akae mahali pengine penye mwanga hafifu, asome nyiradi au afanye kazi ndogo ya mikono, kisha arudi akisinzia. Kulala upande aliokuwa analala mume, au kugeuza kitanda kielekee ukuta mwingine, huwasaidia baadhi ya wajane. Mtu mzima mmoja wa kulala chumba hichohicho anasaidia zaidi.

Msichelewe kumpeleka hospitali mkiona lolote kati ya haya: maumivu ya kifua au kukosa pumzi, siku nzima bila kunywa kitu, kushindwa kabisa kuwatunza watoto, au maneno ya kutaka kumfuata marehemu. Akisema "bora ningekufa naye", msimkemee kwa kukufuru. Muulizeni kwa neno lililonyooka: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, humpa mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, ondoeni nyumbani vidonge na sumu ya panya, na apelekwe siku hiyohiyo. Kwa Tanga, Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ulizeni kitengo cha afya ya akili, na muulizie pia ofisi ya ustawi wa jamii iliyo humohumo, kwa sababu mambo ya watoto na ya gharama huanzia pale. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kwa ushauri wa awali.

Mtakutana na watu wanaosema huzuni ina hatua tano, na kwamba yeye "amekwama" hatua fulani. Hatua hizo alizieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa. Maelezo yanayolingana zaidi na tunayoyaona ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi. Saa hii yuko ndani ya huzuni, saa ijayo anashughulikia ada ya shule na hata kucheka, kisha anarudi kulia. Mkimkuta anacheka na jirani, msimhukumu. Ile saa ya kucheka ndiyo inayompa nguvu ya kubeba saa inayofuata.

Uchungu unaoanza kuitwa ugonjwa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni ule ulio mkali, unaozuia maisha, na unaodumu zaidi ya miezi 6 na kupita desturi ya jamii ya mfiwa. Yeye hajafika huko. Kwa sasa anahitaji watu, chakula, usingizi na macho ya karibu.

Bi_wa_Barazani

Wanangu, niongeze ya nyumbani.

Acheni kumwambia "ukihitaji kitu sema". Hatasema. Haya inamzuia, na pia kichwa chake hakiwezi kupanga kwamba kesho sukari itaisha. Chukueni daftari, mwandike siku za wiki, na kila siku jina la mtu mmoja. Mwenye siku yake anajua kazi: kwenda sokoni, kuangalia LUKU ya umeme ina uniti ngapi, kuchota maji kama yamekatika, kukaa naye. Saa nzuri ya kukaa naye ni kuanzia alasiri mpaka isha, maana magharibi ndiyo nzito. Wengi huja saa nne asubuhi, wakati ambao mjane ana nafuu, wakaondoka kabla jua halijazama.

Chakula kipelekeni kwenye vyombo ambavyo hamvidai. Bakuli za watu zikijazana jikoni zinamtia deni: hii ya nani, ile ya nani.

Kuhusu eda. Ni miezi 4 na siku 10 kwa kuandama kwa mwezi, kuanzia siku ya kifo, na mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Watu huchanganya sheria na mila za mtaani. Manukato, hina, wanja, vito na nguo za mapambo ndivyo anavyojizuia navyo. Kuoga anaoga, nywele anachana, nguo safi anavaa, na watu anazungumza nao. Kuna nyumba ambazo kizuka, yaani mjane aliye edani, huwekwa chumbani gizani, haruhusiwi hata kusimama dirishani, halafu watu wanashangaa kwa nini anadhoofika. Hospitali anakwenda, hiyo ni dharura. Kama wakwe wana mashaka, mwombeni sheikh wa msikiti wao awaambie mwenyewe. Neno lake litapokelewa kuliko lenu.

Fedha za kikundi nawashauri msimpe kwa mkupuo. Fedha nyingi ya msiba ikionekana, wadai wa marehemu hutokea pande zote, na yeye hana nguvu ya kumkatalia mtu. Gaweni kwa miezi sita, mlipe vitu moja kwa moja: mtungi wa gesi, umeme, maji, sare na madaftari ya watoto. Kisha fedha ndogo ya mkononi apewe yeye mwenyewe kila mwezi bila kuulizwa ameifanyia nini. Kama ana hisa au mkopo kikundini, kaeni mwamue leo: marejesho yasimame mpaka eda iishe, na liandikwe kwenye muhtasari ili asiwe mtu wa kuombewa kila mkutano.

Na mwandike tarehe. Siku ya kutoka eda, Idi ya kwanza bila mume, siku aliyozaliwa marehemu, siku ya kutimiza mwaka. Siku hizo awe na mtu tangu asubuhi.

Fundi_Simu

Hiyo simu ya marehemu msimnyang'anye, lakini kuna jambo la kiufundi linalohitaji haraka. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika hufutwa baada ya siku 120. Eda ni ndefu kuliko siku hizo. Familia nyingi huiweka simu kabatini kwa heshima, na wanapoiwasha baada ya eda akaunti inakuwa imefutwa.

Fanyeni hivi. Simu iwe na chaji na iunganishwe na intaneti mara moja kwa wiki. Fungueni gumzo la marehemu na mkewe, mwende kwenye mipangilio ya gumzo, mchague kulihamisha pamoja na picha na sauti, mjitumie kwa barua pepe. Gumzo refu haliendi lote na vitu vyake, kwa hiyo zile sauti alizorekodi nakilini pia moja moja: kwenye Android zipo ndani ya folda ya WhatsApp, sehemu ya Voice Notes. Wekeni nakala mbili, moja kwenye kompyuta au flashi, nyingine kwenye simu ya mtu mzima mwingine. Msisasishe, msibadilishe simu, wala kuiondoa programu kabla ya kumaliza kunakili.

Laini nayo ikikaa muda mrefu bila matumizi hufungwa, na namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Siku moja mtoto anaipiga kumsikia baba, anapokea mgeni. Ni vizuri familia iamue mapema, wala isiachwe itokee tu.

Msaidizi_wa_Kisheria

Naunga hapo kwenye laini: mtu yeyote asitoe fedha za marehemu kwa kutumia namba ya siri ya marehemu, iwe ya simu au kadi ya benki. Hata kama ni za matumizi ya watoto. Muamala unaonyesha tarehe, na warithi wakigombana mjane ndiye anayeulizwa.

Makaratasi huongeza uchungu kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo kikundi kinaweza kumpunguzia mzigo huu. Mpangilio ni huu. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Kama amefia hospitali, kuna tangazo la kifo na kibali cha mazishi kutoka hospitali. Kama amefia nyumbani, huanzia kwa mtendaji. Hizo karatasi hupelekwa kwa msajili wa wilaya chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa ajili ya cheti cha kifo. Siku 30 zikipita, bado kinapatikana ila ni usajili uliochelewa, na ushahidi unaotakiwa ni mwingi zaidi. Tafuteni leo hicho kibali cha mazishi kiko kwa nani. Mara nyingi kinabaki mfukoni mwa mtu aliyesimamia kaburi.

Jina kwenye cheti lifanane herufi kwa herufi na lile la kitambulisho cha NIDA, la benki na la hati ya nyumba. "Mohamed" na "Muhammad" vinatosha kumrudisha mtu nyuma, na kurekebisha kunadai kiapo.

Kisha mirathi. Kwa Waislamu njia ya kawaida ni Mahakama ya Mwanzo. Familia hukaa kikao, ikapendekeza msimamizi, muhtasari ukasainiwa na waliohudhuria. Maombi huwasilishwa kwa Fomu Namba 1, mahakama hutoa tangazo, na asipotokea wa kupinga msimamizi hupewa Fomu Namba 4. Hiyo ndiyo benki na mifuko ya pensheni ya NSSF au PSSSF wataitaka, pamoja na cheti cha kifo. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, msimamizi anawasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5. Kuwa msimamizi hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa: shemeji anateuliwa, anaanza kukodisha na kuuza, na mjane anadhani ndiyo sheria.

Kwa sheria ya Kiislamu mke ambaye mume ameacha watoto anapata thumni, yaani 1/8, na wake wakiwa zaidi ya mmoja wanagawana hiyohiyo. Hutolewa baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi. Mali ambayo mjane aliinunua kwa fedha yake, kama cherehani, vyombo au hisa zake za kikoba, haimo kwenye mirathi. Mwekeeni risiti na muhtasari wa kikundi.

Neno langu zito kwa wiki hizi: asisaini karatasi yoyote anayoletewa chumbani. Ajibu hivi: "Iacheni, nitaisoma na mtu wangu." Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wanasaidia bure. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itawaelekeza walio karibu. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) nao wanapokea kesi za wajane.

Mwalimu_Msingi

Mtoto wa miaka 6 anauliza baba anarudi lini kwa sababu kuna mtu aliyemwambia "baba amesafiri" au "amelala". Kwa umri huo mtoto hajashika vizuri kwamba kifo hakirudi nyuma. Aliyesafiri hurudi, na aliyelala huamka. Wapo watoto wanaoogopa kulala kabisa kwa neno hilo. Hata "Mungu amempenda zaidi" humtia hofu kwamba Mungu atampenda na mama.

Mama yake, au mtu anayemwamini, amweleze hivi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, haumwi. Harudi nyumbani. Mimi nipo, na fulani yupo." Yale ya dini yafuate baada ya hapo, yakiwa juu ya ukweli huo. Atauliza tena kesho na kesho kutwa. Jibu liwe lilelile, kwa maneno yaleyale, watu wote wa nyumba. Anapouliza sana, anahakikisha kwamba dunia haijabadilika tena. Mwambieni pia kwamba hakuna alichofanya au kuwaza kilichomuua baba, maana watoto hujilaumu kimya kimya.

Atalia dakika mbili, kisha aende kucheza. Hajasahau. Watoto huhuzunika kwa vipande. Akianza kukojoa kitandani, asichapwe.

Huyu wa miaka 11 ndiye anayenitia wasiwasi, kwa kuwa hamkumtaja shida yake hata moja. Wakubwa humshika bega wakamwambia "sasa wewe ndiye baba wa nyumba". Tafadhali likomesheni neno hilo. Mtoto analichukua kweli: anaacha kulia mbele ya mama, anaacha mpira, anaanza kuhesabu fedha. Mwambieni mbele ya wajomba na baba zake wadogo kwamba watu wazima wapo na kazi yake ni shule. Mjulisheni mwalimu wa darasa msiba ulivyotokea, na mkubaliane ishara moja ndogo ya mtoto kutoka nje akizidiwa, bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Kazi ya mikono inawafaa wote wawili: kitabu cha kumbukumbu. Utaratibu huu ulienezwa miaka ya 1990 na akina mama wa NACWOLA, chama cha Uganda cha wanawake wanaoishi na VVU, ili watoto wao wabaki na maneno ya wazazi. Kwa Kagera, mradi wa Humuliza ulioanzia Nshamba, Muleba, umefanya kazi ndefu ya kuwafariji yatima. Nunueni kaunta buku ya quire 2 kwa kila mtoto, gundi na bahasha moja ya kubandika jalada la ndani. Ukurasa wa kwanza jina kamili la baba na la babu zake na walikotoka. Kisha alivyokutana na mama, kazi yake, alichopenda kula, neno alilokuwa akilisema sana, ugomvi aliokuwa nao na mtoto na ulivyoisha. Wekeni hata kasoro zake ndogo, maana mtoto akisoma sifa tupu hamtambui baba yake humo. Marafiki wa marehemu waandike ukurasa mmoja mmoja. Kila mtoto awe na chake, msiwape kimoja cha kugombania.

Namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mlezi pia.

Jirani_Mombasa

Kwa walio huku Kenya wanaosoma uzi huu: 116 ya watoto inafanya kazi pia huku, na laini ya Msalaba Mwekundu ya ushauri nasaha ni 1199, bila malipo.

Kikoba_Tanga

Mungu awalipe. Tumeshagawana siku za wiki. Kibali cha mazishi kimepatikana kwa mjomba wa marehemu. Limezuka jingine: shemeji yake amekuwa akimnunulia diazepam duka la dawa ili alale, na anatumia kila usiku kwa wiki ya tatu sasa. Tumwambie aache leo?

Muuguzi_AfyaYaAkili

Msimwambie aache ghafla. Akikata kwa mara moja baada ya wiki tatu, usingizi unaweza kupotea kuliko mwanzo, mikono ikatetemeka, wasiwasi ukapanda, na kwa aliyetumia dozi kubwa hata degedege hutokea. Kesho aende Bombo au kituo cha afya na boksi lenyewe, ili daktari aone ni miligramu ngapi na ampangie kushusha kidogo kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2013 kwamba dawa za kundi la diazepam zisitolewe kwa mfiwa asiye na ugonjwa wa akili. Mwili huzizoea ndani ya wiki chache, dozi ikataka kuongezwa, na mchana zinaacha kichwa kizito kiasi cha kushindwa kufuata hata maelezo ya makaratasi ya mirathi. Mpaka amwone daktari, vidonge vikae kwa mtu mwingine, apewe kile cha usiku mmoja tu. Asichanganye na Piriton wala dawa nyingine ya kusinzisha. Na shemeji aelezwe kwa upole, kwa sababu alitaka kumsaidia. Mpeni zamu ya jioni kwenye daftari lenu.

Mwambieni daktari pia kuhusu ile hodi aliyoisikia, ilianza kabla au baada ya vidonge.